Wazee Waliona Kikohozi, Hawakuona Figo

Kuna ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, ambalo hustawi uani kwenye nyumba nyingi za Pwani bila kumwagiliwa maji wala kuangaliwa. Asili yake ni Madagaska. Wanasayansi huliita Catharanthus roseus. Katika visiwa na nchi nyingi za joto majani yake yalichemshwa na kunywewa kama dawa ya kisukari. Mwaka 1952 majani hayo yalisafirishwa kutoka Jamaika hadi Kanada, na watafiti Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario wakayajaribu kwa panya wakitazamia kuona sukari ikishuka. Sukari haikushuka. Panya waliodungwa maji ya majani hayo walikufa kwa maambukizi, na damu ilipochunguzwa ikaonekana chembe nyeupe, zile zinazoukinga mwili, zimepungua mno. Kwa mwenye kisukari hilo ni balaa. Kwa mtoto mwenye saratani ya damu, ambayo hasa ni chembe nyeupe kuzaliana ovyo, ni matumaini. Kutokana na ua hilo zikapatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini. Mwaka 1958, uleule ambao Noble na wenzake walichapisha waliyoyaona, daktari wa upasuaji Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alieleza kwa mara ya kwanza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Leo vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazowatibu watoto hao.

Watetezi wa miti shamba huitaja habari hii kama ushindi wao, na wapinzani huitaja kama aibu ya jadi iliyokosea ugonjwa. Kila upande umesoma nusu. Jadi ilisema mmea huu una nguvu ndani yake, ikasema kweli. Ikasema nguvu hiyo ni ya kutibu kisukari, na panya wa Ontario hawakuliunga mkono dai hilo. Kilichokuwemo hasa kisingegunduliwa na bibi yeyote mwenye chungu na mafiga, awe na hekima kiasi gani, kwa kuwa chembe za damu hazionekani kwa macho. Ninachodai ni hiki: elimu ya miti shamba ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa kuuliza shahidi alisimama wapi na aliweza kuona nini. Wazee wetu walikuwa mashahidi hodari wa mambo yanayotokea karibu na upesi, kama kikohozi kinachotulia usiku huohuo, tumbo linaloacha kusokota, jino linaloacha kuuma, choo kilichofunga kinachofunguka. Walikuwa mashahidi dhaifu, tena bila kosa lao, wa mambo yanayotokea kimyakimya na kwa kuchelewa, kama presha inayopanda bila dalili, virusi vinavyojificha, au figo zinazochakaa kwa miaka kumi kabla mwenyewe hajahisi kitu.

Tuanze na uhodari wao. Mpera ni mti mgeni, ulitoka Amerika ya kitropiki, na babu wa mababu zetu hakuwahi kuuona. Lakini ulipozoeleka, watu wa Pwani hadi Maziwa Makuu waliyatafuna majani yake machanga, wakayachemsha, wakabaini kwamba yanapunguza kuhara na msokoto wa tumbo. Huo ulikuwa utafiti hata kama hakuna aliyeuandika. Jibu lilionekana ndani ya siku moja, jaribio likarudiwa katika maelfu ya nyumba, na jani ambalo halikufaa liliachwa. (Wanaofikiri kwamba tiba ya asili ni mambo ya kale yaliyoganda wautazame mpera, na mwarobaini uliotoka India, na mkaratusi wa Australia ambao majani yake sasa yamo kwenye kila nyungu.) Sayansi ilipofika ilikuta katika majani ya mpera kwersetini, kemikali inayotuliza misuli ya utumbo, na jaribio lililofanywa Meksiko kwa watu wazima waliopewa vidonge vya majani hayo kwa kipimo maalumu lilionyesha kwamba maumivu ya tumbo yaliisha mapema zaidi. Shahidi alisema kweli. Hata hivyo, hapohapo mpaka wake unaonekana. Msokoto hauui mtoto anayehara. Kinachomuua ni kuishiwa maji mwilini, na majani ya mpera hayarudishi maji. Kazi hiyo ni ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji, pamoja na zinki. Mama anayempa mwanawe vyote viwili hajakosea. Anayempa majani peke yake ameona dalili ikitulia, hakuiona hatari.

Karafuu haihitaji maelezo marefu. Zanzibar iliipokea mwanzoni mwa karne ya 19, na muda si mrefu kila nyumba ikajua kwamba punje moja ikiwekwa kwenye jino bovu hutia ganzi. Madaktari wa meno wanaijua pia: eujenoli, mafuta yanayotoka kwenye karafuu, huchanganywa na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Tangawizi nayo imepita katika majaribio kadhaa ya kichefuchefu cha wajawazito na ikatoka na sifa nzuri. Shubiri ina funzo lake, maana jani moja limebeba dawa mbili zisizofanana: ute mweupe wa katikati ambao hupozwa nao ngozi iliyoungua, na maji ya njano yaliyo chini ya ganda, yale machungu yasiyosahaulika, ambayo huendesha tumbo kwa nguvu. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziondoa dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa maji hayo ya njano kwenye orodha ya zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuwa wameleta data za kutosha kuthibitisha usalama wake. Anayeuliza kama shubiri ni salama bila kutaja sehemu gani ya jani, kiasi gani na kwa siku ngapi, hajauliza swali linaloweza kujibiwa.

Ushahidi huu una nguvu zaidi pale mashahidi wasiojuana wanapokubaliana. Mtaalamu wa mimea wa Kenya, John Kokwaro, alipochapisha kitabu chake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, alikusanya matumizi ya jamii nyingi zisizosikilizana lugha. Mmea mmoja ukitumika kwa kikohozi huku, kwa minyoo kule, na kwa mapenzi ng'ambo ya mto, msomaji ana haki ya kutilia shaka. Lakini uchukue msokonoi, mti wa milimani ambao Wamaasai huuita osokonoi na Wakikuyu muthiga. Ganda lake lina ukali wa pilipili, na jamii mbalimbali hulitafuna au kulichemsha kwa kifua, koo na meno. Maabara imekuta ndani yake kemikali zinazoua fangasi, wakiwemo wa aina inayoota utando mweupe mdomoni. Sidai kwamba hilo linatosha kuufanya msokonoi kuwa dawa iliyothibitishwa. Nadai kwamba maneno ya wengi waliofika pahali pamoja kwa njia tofauti ni sababu nzuri ya kutumia fedha ya utafiti hapo kabla ya kuitumia kwingine. Na utafiti wenyewe uharakishwe, kwa sababu mti unaochunwa ganda mzunguko mzima hufa. Mkondekonde, ambao Wakikuyu huuita muiri na ambao ganda lake huuzwa Ulaya kwa ajili ya matatizo ya tezi dume, ulilazimika kuwekewa masharti ya biashara ya kimataifa chini ya mkataba wa CITES katika miaka ya 1990.

Homa ndiyo iliyowachanganya mashahidi wetu kuliko ugonjwa mwingine. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria ana kinga kiasi, na homa yake mara nyingi hupanda, hushuka, na pengine hupoa yenyewe. Jani lolote atakalokunywa siku ya pili litapewa sifa siku ya nne. Zaidi ya hapo, homa nyingi hazikuwa malaria kabisa. Ndiyo maana mwarobaini una sifa kubwa ya kutibu malaria, na maabarani kweli umeonekana ukiua vimelea ndani ya kioo, lakini kutoka kwenye kioo hadi kwenye damu ya mtoto wa miaka miwili ni safari ambayo mwarobaini haujaimaliza. Mmea ulioimaliza ulitoka Uchina. Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipekua maandishi ya kale ya nchi yake akitafuta dawa ya malaria, na pakanga ya Kichina ilipoonekana kufanya kazi mara moja na kushindwa mara nyingine, alirudi kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akasoma kwa makini. Ge Hong hakusema mmea uchemshwe. Alisema uloweshwe, ukamuliwe, maji yanywewe. Tu akahisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha isiyohitaji joto kali, na artemisinini ikapatikana. Hapo jadi iliheshimiwa kuliko inavyoheshimiwa kwenye hotuba zetu nyingi, kwa kuwa ilisomwa neno kwa neno kisha ikajaribiwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mafanikio hayohayo sasa hutumiwa kutetea unywaji wa chai ya pakanga. Kiasi cha artemisinini hutofautiana sana kati ya mmea na mmea, na artemisinini yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mnywaji wa chai huweza kupata dozi inayoshusha homa bila kumaliza vimelea, na vimelea vilivyoonja dawa bila kufa ndivyo vinavyofundishwa kuizoea. Shirika la Afya Duniani limekataa kuunga mkono matumizi hayo, wengine wakaliita shirika hilo wakala wa makampuni ya dawa. Lakini usugu wa vimelea dhidi ya artemisinini haupo tena Asia pekee. Umethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Dawa mseto tunayoitegemea katika kila zahanati ndiyo iliyo hatarini, na sioni hoja yoyote ya fahari ya Mwafrika inayoweza kufidia kuipoteza.

Tukija kwenye magonjwa ya kimya, shahidi wa jadi hana cha kusema, ila kwa bahati mbaya huko ndiko anakoitwa zaidi. Mapema mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mugariga, mti wa miiba ambao ni dawa ya siku nyingi katika jamii kadhaa za eneo hili, na kikombe kilisemwa kuponya kisukari, saratani, presha, pumu na UKIMWI. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za kufubaza VVU kwa sababu walijisikia vizuri. Sina haja ya kumtuhumu mzee yule kwa ulaghai, na bei yake haikuwa ya mlaghai. Tatizo ni aina ya magonjwa yaliyotajwa: karibu yote ni yale ambayo kujisikia vizuri hakuthibitishi lolote. Mwenye presha hujisikia vizuri mpaka siku anapopooza. Aliyeacha dawa za VVU hujisikia vizuri kwa miezi. Ushuhuda uliomiminika redioni wakati ule haukuwa uongo; ulikuwa ukweli kuhusu jambo lisilohusika. Miaka tisa baadaye, wakati wa korona, nyungu ya mchaichai, limau na majani ya mpera ilifungua pua za watu wengi, nao walisema kweli waliposema wamepata nafuu. Ila mvuke hauwezi kusema lolote juu ya kirusi kilichoshuka kwenye mapafu.

Na kama uponyaji wa kimya hauonekani, madhara ya kimya hayaonekani vilevile. Hapa ndipo usemi kwamba miti shamba haina madhara kwa kuwa imetumika karne nyingi unapoanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels ilianza kuwapa wanawake mchanganyiko wenye mimea ya Kichina. Kwa makosa, mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, na zaidi ya wanawake mia moja wakaharibika figo. Wengi walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sasa fikiria: mimea ya jamii ya Aristolochia ilikuwa kwenye tiba ya Uchina kwa karne nyingi. Bila shaka iliwadhuru watu muda wote huo. Ila mgonjwa aliyekunywa leo na figo zake zikafa baada ya miaka, nani angeunganisha mambo hayo mawili? Kusini mwa Afrika kuna mzizi wa Wazulu uitwao impila, ambao madaktari wa Durban waliukuta nyuma ya vifo vya watoto wengi kutokana na ini kuharibika. Hata kitunguu saumu, ambacho hakuna anayekihofia, kilionekana kwenye utafiti mmoja wa Marekani kikipunguza kwa takriban nusu kiasi cha saquinavir, dawa ya VVU ya wakati huo, ndani ya damu ya waliojitolea kupimwa.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba wazee waliishi miaka mingi kwa mizizi tu. Waliishi waliookoka. Watoto waliozikwa kabla ya kutimiza miaka mitano hawakuwahi kuwa wazee, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu. La pili ni kwamba dawa za hospitali nazo zina sumu. Ni kweli kabisa, ila sumu zake zimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi, na hizo zimeandikwa kwa sababu kuna aliyezihesabu. Kinachotakiwa kwa mlonge na mwarobaini ni karatasi hiyohiyo. Mlonge hauhitaji kuongezewa chumvi, maana majani yake ni mboga yenye lishe nzuri na mbegu zake zilizopondwa husafisha maji yenye tope. Muuzaji wa stendi anayeuongezea maradhi mia tatu anaupunguzia heshima.

Jibu la tatu ni zito zaidi, na halistahili kupuuzwa. Hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, mganga yuko jirani, anamjua mgonjwa kwa jina na humsikiliza. Isitoshe, nani atalipia majaribio ya mti usiomilikiwa na mtu? Kampuni haitatumia mabilioni kuthibitisha jani ambalo kila mtu anaweza kuchuma. Basi mzigo huo ni wa umma, na tayari tuna pa kuuweka. Muhimbili ilianza kuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili; KEMRI ya Kenya ina kituo chake; Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002 na baraza linalosajili waganga. Kuhusu mganga wa jirani, Tanga imeshaonyesha njia. Kuanzia miaka ya 1990, kabla dawa za VVU hazijapatikana kwa watu wa kawaida, madaktari wa Hospitali ya Bombo na waganga wa jadi walishirikiana, na kundi lililoitwa Tanga AIDS Working Group likakua kutokana na kazi hiyo. Mizizi na magome ya waganga yalitumika kwa vipele, utando wa mdomoni na kukosa hamu ya kula, yaani yale ambayo mgonjwa na mganga waliweza kuyaona pamoja. Hospitali ilipima damu. Hakuna upande uliolazimika kujifanya unaona ya mwenzake.

Kinachobaki ni siri. Waganga wengi hawasemi wanachotumia, na wana sababu. Sheria za uchawi za wakoloni, ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, ziliwatia wengi wao kwenye shaka moja na wachawi, na siku hizi wanahofia kwamba mgeni mwenye daftari ataondoka na utajiri. Hofu hiyo si ya kuwaza tu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani ya W.R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya fangasi wa mimea. Wanaharakati, wakiwemo wa India, walipinga, hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Lakini uzito wa kesi haukubebwa na hoja kwamba Wahindi wameujua mwarobaini tangu zama za kale, japo ni kweli. Ulibebwa na mwenye kiwanda mmoja wa India aliyeeleza kwamba alikwisha kutengeneza mafuta hayo kwa njia inayofanana, na kuyajaribu mashambani, kabla ya ombi la hataza kuwasilishwa. Mganga wa Handeni au Kitui aliyezikwa na ujuzi wake hana la kupeleka mbele ya jopo kama lile, wala mbele ya mtafiti wa Muhimbili. Mwanawe aliyerithi kazi angeweza kuanza wiki hii kwa daftari la shule: jina la mmea, sehemu iliyochumwa, kipimo, alichougua mgonjwa, na siku aliporudi, au kwamba hakurudi.